Malik Bando, Aliyejiandikisha wa Mwisho

Wasikilizaji wapendwa, assalaam aleikum, na habari za saa hizi kwenu nyote: mlio Mtwara mjini, mlio Mikindani, mlio Msimbati, na nyinyi mlio mashambani Mpapura mkipalilia mikorosho huku redio imening'inizwa kwenye tawi. Leo ni arobaini ya mtu wetu. Tunamkumbuka Abdulmalik Selemani Namkuna, fundi simu wa Chikongola, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Malik Bando. Amefariki akiwa na miaka arobaini na mmoja. Ameacha mke, Bi Safina, na watoto wawili.

Kwanza niwaambie hili: Abdulmalik alikuwa hatulii. Hatulii kabisa. Chai yake ilikuwa inapoa mezani yeye ameshafika stendi. Akikaa, goti linacheza. "Nilikuwa namwambia, baba nanihii, hata pikipiki huwa inazimwa," Bi Safina ametuambia. Akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Miaka mitatu iliyopita ilikuja Chikongola kampuni iliyojiita Daraja Neti. Ikapanga ghorofani, juu ya duka la vitenge. Ilikuwa inauza intaneti, lakini si dukani. Ilikuwa inauza kwa watu kuingizana. Sikilizeni vizuri hapa. Unalipia, unapewa ruta, kile kidude chenye taa kinachorusha intaneti nyumbani. Kisha unatafuta wenzako na kuwaandikisha chini yako. Wakinunua bando, wewe uliye juu yao unapata chako. Ukinunua wewe, aliye juu yako anapata chake. Aliye juu anakula, aliye chini anakimbia.

Abdulmalik alitoka kwenye semina yao na fomu kibao na kichwa kinawaka moto. Akawasha pikipiki moja kwa moja mpaka Mpapura, kwao. Akakaa barazani kwa mjomba wake, Mzee Fadhili, aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Akachukua fomu ya kwanza. Kalamu ikagoma.

Maana mnatujua sisi watu wa huku. Mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba ndiye anayekuozesha, ndiye anayekuzika. Sasa umwandike mjomba chini yako? Ukimwamkia shikamoo utakuwa unamwamkia vipi?

Basi Abdulmalik akamwandika Mzee Fadhili juu kabisa. Chini ya mjomba akamwandika mama mkwe wake wa Msimbati, Bi Hawa, ambaye mbele yake hata kukohoa alikuwa hathubutu. Wakafuata wazee wengine, mmoja mmoja, kila mtu kwa heshima yake. Mwisho kabisa akajiandika yeye.

Kijana wa ofisini, Innocent, alizipokea zile fomu akashika kiuno. "Kaka Malik, umejiweka mkiani! Hawa wazee hawatauza hata vocha moja. Utakimbia wewe, watakula wao."

"Najua," Abdulmalik akamjibu. "Na siku nikifa nani ataniosha? Wewe?"

Ikawa kama Innocent alivyosema. Abdulmalik alikimbia. Aliingiza watu thelathini na saba, kuanzia Msimbati mpaka Mpapura. Aliwafungia ruta, aliwafundisha, aliwauzia bando, na kila mara simu ya Mzee Fadhili ikalia kwamba kuna hela imeingia. Mzee alidhani mpwa wake anamtumia ya sukari. Akawa anamwombea dua.

Na intaneti ilifanya kazi, wasikilizaji wapendwa. Tusimnyime marehemu haki yake. Bi Hawa ana dada yake ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, walikuwa hawajaonana miaka saba. Siku ile Abdulmalik alisimama nje ya mlango, kwa adabu ya mkwe, akapitisha simu dirishani. Dada mtu akatokea kwenye kioo amevaa ushungi. Bi Hawa akapiga kelele mpaka majirani wakadhani kuna msiba. Wenyewe walikuwa wanacheka tu.

Mwaka wa pili Daraja Neti ikaondoka. Asubuhi moja milango imefungwa, bango limeng'olewa, na Innocent mwenyewe amesimama nje hajui aende wapi. Ruta zote zikawasha taa nyekundu. Watu walikuwa wameshalipia miezi mingi ya mbele, wengine kwa fedha zao za korosho.

Mmoja wao alikuwa Mustafa, mkulima wa Mpapura. Huyu na Abdulmalik waliingia jando siku moja. Mustafa alikuja mnadani mbele ya watu akasema kwa sauti, "Malik ni tapeli." Neno hilo likasambaa kuliko intaneti yenyewe.

Abdulmalik lilimuuma. Lilimuuma vibaya. Alikuwa akitoa salamu barazani anajibiwa nusu. Bi Safina anasema kuanzia hapo mumewe alikuwa na swali moja tu, asubuhi swali hilo, jioni swali hilo. "Safina, siku ya kunizika shehe atawauliza watu, mnamshuhudiaje huyu? Watasema nini?"

Wasikilizaji wapendwa, hicho ndicho alichokuwa anakihangaikia. Hakuhangaikia utajiri, wala kampuni kurudi. Alitaka wale thelathini na saba waweze kufungua midomo siku ile.

Akauza pikipiki. Kwa ufundi wake akagundua zile ruta zinaweza kufunguliwa zikapokea laini ya kawaida. Basi akaanza kuzunguka, kwa miguu na kwa lifti za malori. Majina yote aliyashika kichwani. Anafika kwako, anafungua ruta, anaweka laini yenye bando la miezi yako iliyobaki, anasubiri taa iwe ya kijani, anaondoka. Maji hanywi. Ukimwambia pumzika, anakuuliza njia ya kwa jirani.

Ilimchukua miezi kumi. Wakaisha thelathini na sita. Akabaki Mustafa.

Alikwenda Mpapura kwa Mustafa mara nne. Mara nne akaambiwa hayupo. Mara ya nne ilikuwa Jumatatu, mvua ya masika inamwagika. Mke wa Mustafa alisema, "Katoka, shemeji." Abdulmalik akaiona baiskeli ya mwenzake imeegemea ukutani, imekauka, haijaguswa na tone. Alikaa kwenye benchi, goti linacheza, kisha akanyanyuka akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani, "Mwambie nitarudi Jumamosi."

Alifika nyumbani Chikongola ameloa chapachapa. Jumanne homa ikampanda. Alhamisi akalazwa. Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, Abdulmalik akafariki dunia. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiun.

Mzee Fadhili akasema mwili uletwe Mpapura, akazikwe kwao. Alimwosha kwa mikono yake. Alikuwa ameshaelezwa na Innocent zile hela za sukari zilitoka wapi. "Ntoto huyu kanibeba nngongoni mwaka nzima," mzee alituambia, "na mimi nikidhani nimekaa kwenye kiti."

Ikawa Jumamosi. Alisema atarudi Jumamosi, na Jumamosi alirudi.

Jeneza liliwekwa mbele, msikitini Mpapura. Shehe akauliza kama inavyoulizwa siku zote, "Mnamshuhudiaje ndugu yetu huyu?" Kwa kawaida watu hujibu palepale, "Mwema." Siku ile walinyamaza. Watu walikuwa wanamtazama Mustafa.

Mustafa alikuwa safu ya nyuma. Akaanza kusogea mbele.

"Mnajua amebaki mmoja," akasema. "Mmoja huyo ni mimi. Alikuja mara nne, mimi niko ndani. Kila alipokuja nilikuwa ndani. Nilimfungia mlango ili niendelee kumwita tapeli." Akalishika jeneza. "Mwema. Jamani, huyu ni mtu mwema."

Hapo ndipo msikiti mzima ulipojibu.

Kwenye nguo alizovaa Abdulmalik siku ile ya mvua, Bi Safina alikuta laini mfukoni, imefungwa vizuri kwenye karatasi ya nailoni, juu yake pameandikwa Mustafa. Alimpelekea. Mustafa ameshika laini ile arobaini yote hii. Hajaiweka kwenye ruta. Anasema mwenye kuiweka na kusubiri taa iwe ya kijani ameshaondoka.

Kwa niaba ya redio yetu, tunatoa mkono wa pole kwa Bi Safina na watoto, kwa Mzee Fadhili, kwa Bi Hawa na kwa ukoo wote wa Namkuna. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema, na huko, baada ya mbio zote zile, ampe kutulia.

Na wewe unayenisikiliza, yupo mtu umemnunia. Pengine wiki hii atakuja kugonga mlango wako. Ukiwa ndani, mfungulie.