Mama Altje na Watoto wa Wenzake

Baada ya miaka thelathini na mitano katika wodi yetu ya wazazi, mkunga Altje Rumengan anastaafu tarehe 31 Julai. Tangu habari hiyo itoke, chumba cha chai kimepoa, na hata wale aliokuwa akiwagombeza kila zamu wanatembea vichwa chini.

Alianza kazi mwaka 1989, binti wa mkulima wa karafuu, mwembamba, sauti kubwa kuliko mwili. Amepokea watoto zaidi ya elfu nne. Mwaka ule mlima ulipomwaga majivu na barabara zikafungwa, aliwazalisha wanawake wawili ndani ya lori la kabichi, kisha akamwamsha dereva aliyezimia: "Inuka, kaka, wenzako wameshamaliza kazi." Na mama mmoja aliyepiga kelele kupita kiasi, Altje alimwambia, "Sukuma, dada! Kwaya ni Jumapili."

Liko jambo jingine, naye ameniruhusu kuliandika. "Andika yote, Meiske. Ukinipamba sana watadhani nimekufa."

Yeye mwenyewe hakubahatika. Mimba tatu ziliharibika, na mwaka 1997 binti yake wa pekee aliishi siku mbili. Juma hilohilo mimi, Meiske Pangkey, muuguzi mwenzake na rafiki yake wa kuchangia kikombe, nilijifungua mwanangu Noldy. Altje aliporudi kazini hakuja kumwona mtoto. Tukikutana koridoni, aligeuza njia.

Ikafika Jumapili ya Shukrani. Siku hiyo kila familia ya hapa kwetu Minahasa huleta kanisani mazao pamoja na karatasi ya sababu zake za kushukuru, na mzee wa kanisa huisoma kwa sauti. Karatasi ya Altje ilikuwa tupu. Mzee wetu, mtu wa kusoma bila kufikiri, akatangaza: "Familia ya Rumengan: hakuna." Altje akainuka akatoka.

Nilimkuta kwenye ngazi. "Usinifuate," alisema. "Nakuonea wivu, Meiske. Mtoto hajui hata kukaa, nami namwonea wivu! Nasali Mungu aniondolee, wala haondoi." Nilikaa kando yake nikalia, naye akaniacha palepale akaenda zake.

Hakuna mhubiri aliyemponya. Alianza mwenyewe, kwa shida, kama mtu anayemeza kwinini: kila mtoto aliyempokea, kabla hajampa mama yake, alimshukuru Mungu kwa sauti kwa ajili ya mama huyo, akimtaja jina. Siku nyingine alisema huku amekaza meno. Shukrani iliyofuata, karatasi yake ilisomwa hivi: "Kwa ajili ya Noldy Pangkey. Meno manne." Baada ya ibada alinijia akamchukua mtoto mikononi mwangu, bila kuomba ruhusa.

Nimewahi kumuuliza kama wivu uliisha. "Uishe wapi! Unakuja kila siku, ila unakuta nafasi imeshakaliwa." Alisema hivyo huku anakunja shuka, na uso wake haukuwa na furaha.

Noldy leo ni fundi wa meli huko Bitung. Machi mwaka huu aligundua kwamba mkewe ni mjamzito, na wa kwanza kuambiwa kwa simu alikuwa Altje. Mimi mama mzazi nilizipata habari kwa jirani. Nilinuna siku tatu. Ya nne nilisimama jikoni peke yangu nikasema kwa sauti, "Asante Mungu kwa ajili ya Altje, uliyempa mwanangu." Ilikuwa chungu kweli. Nikairudia hadi nikaweza kumpigia Altje.

Mama Altje, tunajua nyumba yako imekuwa kimya tangu mumeo afariki, na hatuna maneno ya kuujaza ukimya huo. Tunakushukuru kwa kila mtoto. Mungu akupe siku nyepesi na afya ya magoti. Mjukuu anatazamiwa Novemba. Noldy ameomba wewe uwe wa kwanza kumpakata, nami nimekubali. Nitasubiri nje.