Taa za Gari la Bluu

Sikilizeni wanangu, na wewe mkwe wangu zima hiyo redio. Habari ya taa za gari letu la bluu, wa kwanza kuisimulia alikuwa mama yenu, siku ya harusi ya binti yangu mkubwa, huu mwaka wa kumi na tisa, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Alisema baba yenu mdogo, fundi umeme wa magari, alitaka kulipatia gari la kizee macho ya kijana, akaishia kuchoma nyaya. Aliisimulia kama nilivyomwambia mimi. Leo naisimulia upya, kwa sababu nilimdanganya.

Taa za asili zilikuwa za njano kama kiini cha yai, na kila nilipotoka kiwandani jioni ya mvua niliendesha kwa kukisia. Ndugu yangu akaleta taa mpya zenye balbu za halojeni, akazipachika, kisha akachomoa waya na kuniambia, "Kaka, usiziwashe. Swichi hii ya zamani haiwezi umeme wa taa hizi, itaungua. Keshokutwa nakuja na rilei, hiyo ndiyo itabeba mzigo, swichi ibaki kutoa amri tu." Nikamwambia nimesikia. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na ukungu, mama yenu ana safari ya kwa dada yake, nami nilitaka anione. Nikaunganisha waya mwenyewe, na kwa kuwa sikuwa na utepe wa umeme, nikaufunga kwa plasta ya kidonda. Taa ziliwaka, wanangu, ukuta wa jirani ukawa mweupe kama shuka, na mama yenu akapiga makofi. Hatukufika hata kona ya posta, dashibodi ikaanza kutoa moshi. Aliponiuliza imekuwaje, mdomo wangu ulikuwa umeshamtaja fundi.

Ndugu yangu alipokuja na rilei yake mkononi, aliinua boneti, akaiona ile plasta, akajua. Mama yenu alikuwa amesimama pale, ameshika kiuno. "Shemeji, umetuunguzia gari," akamwambia. Yeye akanitazama mimi, kisha akasema, "Nisamehe, shemeji," akaondoka, na hakuligusa tena gari letu. Ninyi mkaishi mkiamini hivyo, magari yenu mnapeleka kwa watu baki, na yeye hajawahi kufungua kinywa.

Mwezi uliopita nilimwita. Nilikuwa nimejiandalia maneno marefu, akanikatiza, "Kaka, ile plasta bado ninayo." Tulicheka mpaka nikapaliwa. Akakaa siku mbili, akavuta nyaya mpya nene, akafunga rilei. Siku ya kupanga mwanga aliegesha gari mbele ya ukuta wa stoo, akachora mstari wa chaki, akakataa kupima gari likiwa tupu, kwa maana likibeba watu pua huinuka na taa zikawapiga wenzako machoni. Mimi nikakaa kwenye usukani. Pembeni yangu akaweka gunia la mchanga. "Huyu shemeji," akasema, akashusha na kioo, maana mama yenu alipenda upepo. Nyuma akaweka magunia matatu, ndiyo ninyi.

Basi shikeni haya. Gari lisiuzwe. Binti yangu mkubwa alitunze, ninyi wengine mna haki ya kupanda. Taa za zamani zimo sandukuni chini ya kitanda hiki, apewe kitinda mimba, aliyelia siku zilipong'olewa. Waya wa gari lile usiguswe na mtu ila baba yenu mdogo. Na kila mwaka akipanga mwanga, njooni mkae nyuma wenyewe. Msipimiwe kwa magunia.

Yeye ameketi pale mlangoni, anajifanya anasoma gazeti, na ukurasa haujageuka tangu nianze. Ndugu yangu, wamesikia. Hukuchoma wewe.

Nipeni maji... Inatosha. Mungu awaonyeshe njia ilipo kona... awape ulimi mwepesi wa kukiri, kuliko wangu. Nimeridhika, wanangu.

Mama yenu ametangulia. Jirani mwenye ukuta naye ametangulia. Fundi yu hai, mmeketi naye. Na mimi... leo bado nipo.