Kiuno cha Ijumaa

Benchi letu limebanwa kati ya kibanda cha fundi viatu na chumba changu cha kuchapa na kutoa nakala, likitazamana na geti la ofisi ambayo kazi yake hakuna hata mmoja wetu anayeijua vizuri, wakiwemo wanaofanya kazi humo. Fundi ndiye mwenye chupa ya kahawa, kwa hiyo ndiye mwenye benchi. Mzee Waraka alikuwa karani wa masjala miaka thelathini na moja. Alistaafu akaondoka na kichwa kilichojaa nyaraka ambazo ofisi zenyewe zimeshazisahau. Pipa ni mlinzi wa hilo geti, na jina lake halihitaji maelezo. Mimi wananiita Fotokopi. Alhamisi hiyo saa nne asubuhi kahawa ilikuwa imeshamiminwa, mkebe wa kutafunatafuna, ule wa kila siku wenye kifuniko cha kijani, ulikuwa unapita mkono kwa mkono, na Pipa akavuka barabara amebeba mkanda mpya mweusi aliopewa stoo ya ofisi, kama mtu aliyebeba nyoka.

PIPA: Fundi, nitobolee tundu.

FUNDI: Upande gani?

PIPA: Wa nje.

Fundi akaunyoosha mkanda juu ya goti lake. Ulikuwa na matundu matano, na la tano lilikuwa karibu kabisa na ncha.

FUNDI: Hapa nikitoboa, nitakuwa natoboa hewa.

WARAKA: Na ni kosa. Mali ya ofisi haitobolewi mpaka kwa kibali cha maandishi, nakala tatu, moja inabaki jaladani.

PIPA: Mzee wangu, kesho ni Ijumaa.

Kila mtu kwenye benchi alijua maana ya Ijumaa. Mimi ndiye niliyetoa nakala za tangazo. Lilisema kwamba, kwa ajili ya kulinda mwonekano wa taasisi, kila mlinzi atapimwa kwa mkanda wa stoo. Utakayemkaa, tundu lolote kati ya matano, atabaki getini mchana. Usiyemkaa, atahamishiwa ghala la nje ya mji, zamu ya usiku, bila kikomo.

WARAKA: Aliyesaini hilo tangazo anavaa suspenda, zile kamba za mabegani. Nimemwona kwa macho yangu. Hajawahi kujua mkanda ni kitu gani.

PIPA: Yeye hana mama kitandani.

Mama yake Pipa ameanguka tangu mwaka juzi, upande mmoja hausogei. Mchana mkewe na jirani wanasaidiana. Usiku ni lazima ageuzwe mara tatu, na mwenye mikono ya kumnyanyua bila kumuumiza ni Pipa peke yake.

FUNDI: Kunywa kahawa kwanza.

PIPA: Nitilie vijiko vinne vya sukari. Mtazameni yule.

Ng'ambo, getini, shemeji yake alikuwa anamfungulia geti mkubwa fulani. Naye ni mlinzi, amemwoa dada yake Pipa. Miezi mitatu iliyopita tulikuwa tunamwita Gunia, na tulipata shida kumtofautisha na Pipa kwa mbali. Sasa anaitwa Utambi. Mkanda wa stoo umemkaa tundu la tatu, na anatembea kama mtu anayepigwa picha.

PIPA: Mshahara wangu na wake ni mmoja. Duka letu ni moja. Unga tunanunua ule ule. Niambieni, kiuno kile kakipata wapi?

FUNDI: Usimwonee mwenzako wivu.

PIPA: Wivu? Mimi? Nauliza tu alikokipata.

FUNDI: Basi nitakwambia. Amefuga mnyoo.

MIMI: Fundi!

FUNDI: Fotokopi, wewe hujui mambo. Mtu anameza mnyoo mmoja, mkubwa, mwenye afya yake. Anachokula yeye kinaliwa na mnyoo. Mnyoo ananenepa, mwenye nyumba anakonda. Na hakuna gharama, mnyoo hakai kwenye bajeti.

WARAKA: Hapana, hapana. Kukonda kwa afya ni jambo la wenye pesa. Mimi nilihudhuria semina ya lishe, siku mbili, ukumbi wenye viyoyozi. Mtaalamu alituonyesha picha ya tufaha, picha ya samaki mwekundu, picha ya tunda ambalo sijalijua mpaka leo. Akasema tule hayo tukisikia njaa kati ya mlo na mlo. Halafu tukapewa mapumziko, tukala keki.

FUNDI: Kwa hiyo?

WARAKA: Kwa hiyo kijana yule ana kipato cha pili. Tufaha moja siku hizi ni bei ya unga wa kushiba nyumba nzima. Fanyeni uchunguzi. Pengine anauza geti.

PIPA: Geti lipo, nalikalia mimi.

WARAKA: Analiuza kwa makaratasi. Geti linabaki, hati inaondoka. Nimeona majengo mazima yakiondoka hivyo.

Akachukua kipande cha karoti kwenye mkebe, akakivunja kwa meno ya pembeni, yaliyobaki. Kisha akasimama nusu, akapandisha suruali, akakaa tena.

FUNDI: Mzee, hiyo suruali imekuwaje? Tangu juzi unaipandisha.

WARAKA: Imetanuka. Sabuni za siku hizi zina dawa kali.

FUNDI: Ngozi nazo hazina maana tena. Mkanda wangu mwenyewe nimeutoboa mara mbili mwezi huu. Inavutika tu.

MIMI: Labda Utambi anakula kidogo.

Walinitazama wote watatu kama mtu aliyetukana msikitini na kanisani kwa wakati mmoja.

PIPA: Kidogo? Nilimwona jana kwa macho haya. Saa nne amefungua mkebe wake, anatafuna. Saa tisa amefungua, anatafuna. Ana mkebe wake mwenyewe, hauishi! Mimi nimeacha chakula cha usiku wiki tatu, nalala nasikia tumbo linaniita jina langu la utotoni. Na sijapungua. Tena nimeongezeka.

FUNDI: Karibu karoti basi.

PIPA: Sili chakula cha sungura. Nina vyangu.

Akatoa mfukoni pakiti ya biskuti za krimu. Pembeni imechorwa dada mwembamba anakimbia, nywele nyuma.

PIPA: Hizi ni nyepesi. Soma.

MIMI: Imeandikwa nyepesi. Umekula ngapi leo?

PIPA: Pakiti.

MIMI: Na hii?

PIPA: Hii ni nyingine.

Fundi akamimina bisi kiganjani, bisi kavu zisizo na mafuta, akazirusha kinywani mojamoja huku akimkodolea macho Utambi ng'ambo. Ni lazima niseme ukweli: kila mmoja wetu alikuwa anamwonea kijicho yule bwana. Fundi, kwa sababu mkewe alisema mbele ya wageni kwamba wanaume wanaojipenda wanaonekana. Mzee Waraka, kwa sababu amesalimiwa "mzee" na mtu aliyezaliwa mwaka mmoja naye, na mtu huyo huyo akamsalimia Utambi "kijana". Mimi, sababu zangu ninazo.

PIPA: Mimi nimeshajua. Nimelala macho nimelifikiria mpaka nimelimaliza. Zile kilo zake hazijapotea. Kitu hakipotei hivi hivi. Kila akipungua yeye, naongezeka mimi. Anazihamishia kwangu.

FUNDI: Kwa njia gani?

PIPA: Kwa njia ya ndoa. Si ameoa kwetu? Amepata mlango.

WARAKA: Haiwezekani. Uhamisho wowote unahitaji barua, na aliyehamishiwa asaini kwamba amepokea. Wewe ulisaini?

PIPA: Nilisaini siku ya harusi. Nilikuwa shahidi.

Mzee Waraka akafikiri kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

WARAKA: Hapo una hoja.

Tulikuwa tumefika hapo, tunatafuta namna ya kuzirudisha zile kilo kwa mwenyewe kisheria, dada yake Pipa alipotokea upande wa sokoni. Amebeba kikapu, jasho usoni.

DADA: Shikamooni wazee wangu.

Tukaitikia, hata mimi ambaye si mzee.

DADA: Kaka, simama nikuone.

Pipa akasimama. Dada akamzunguka mara moja, akamshika kiunoni kama anayepima boga kabla ya kulinunua.

DADA: Wiki tatu! Hujapungua hata upana wa kidole. Na kesho ndiyo kesho.

PIPA: Muulize mumeo. Siri anayo yeye.

DADA: Siri gani? Anakula ninachokupikia wewe. Natengeneza mikebe miwili, kwa mkono mmoja, sufuria moja. Mmoja wake, mmoja wako.

PIPA: Mkebe gani wangu?

Dada alikuwa anautazama mkebe wa kifuniko cha kijani, uliokuwa kwenye paja la Mzee Waraka, umebaki robo. Akauchukua, akaufunika, akaugeuza chini juu. Kwenye kitako, kwa rangi ya kucha, nyekundu, herufi kubwa: KAKA.

Mzee Waraka alitumia miaka thelathini na moja kugeuza karatasi atazame nyuma kuna nini. Mkebe hakuwahi kuugeuza.

FUNDI: Mimi nilidhani ni wa mzee.

WARAKA: Mimi nilidhani ni wa Fotokopi. Ana mke.

MIMI: Mimi nilidhani unakuja na kahawa.

DADA: Wewe na shemeji yako hamsemeshani tangu siku mama alipomsifu kwamba amependeza. Humtazami, hupokei kitu mkononi mwake. Sasa angekupa vipi? Akawa anauacha hapa asubuhi kabla hujaingia zamu, jioni anauokota mtupu mlangoni kwa fundi. Kila siku anarudi nyumbani ananiambia, kaka yako amemaliza vyote. Mimi nafurahi! Mkebe wa sukari wa mama huu, kaka, umekulia nao. Hukuujua?

PIPA: Niliuona.

DADA: Ukasemaje?

PIPA: Nikasema, hata Fundi ana mkebe kama wa kwetu. Nikamwonea wivu na huo.

Dada akakaa ukingoni mwa benchi. Akaitazama pakiti ya biskuti.

DADA: Hii umenunua kwa bei gani?

Pipa akataja, kwa sauti ndogo.

DADA: Kwa pesa hiyo nawalisha nyinyi wawili siku tatu. Karoti nanunua zilizopinda, jioni wakifunga meza. Zilizonyooka wananunua wenye haraka. Matango yaliyochubuka, namenya. Mbegu za boga wenzangu wanatupa, mimi naomba, naosha, nakaanga bila mafuta, nakuwekea kijiko kimoja tu. Mahindi ya bisi ngumi moja inajaza sufuria. Njegere kavu naloweka zilale usiku, asubuhi nachemsha, nakausha kwenye kikaango na chumvi kidogo na pilipili, ili utafune muda mrefu usikumbuke sukari. Huyo mnayemwita Utambi hana siri. Ana karoti zilizopinda.

Fundi akakohoa. Nami nikagundua kwamba nimeshika njegere mbili mkononi, na sikujua niziweke wapi.

Pipa hakupiga kelele. Aligeuka taratibu akaacha kumtazama shemeji yake ng'ambo, akatutazama sisi. Alianza na Fundi na mkanda wake wenye matundu mapya mawili. Akaja kwangu. Akaishia kwa Mzee Waraka, ambaye hapo hapo suruali ilimteleza, akaidaka.

PIPA: Mzee, samahani. Simama.

WARAKA: Kwa mujibu wa...

PIPA: Simama tu, mzee wangu.

Akamzungushia mkanda wa stoo, akauvuta, akaupachika. Tundu la tatu. Ulimkaa kama uliokatwa kwa ajili yake. Pipa akarudi nyuma hatua mbili amwangalie vizuri, na katika miaka yote niliyokaa kwenye benchi lile sijawahi kuona mtu akitazama kiuno cha mstaafu kwa wivu wa namna ile.

PIPA: Wiki tatu zangu hizi hapa. Mzee amezivaa.

FUNDI: Tutarekebisha. Nitaunganisha ngozi, nipake rangi, hawatajua.

DADA: Stoo wana mkanda wao wa kupimia. Mume wangu ameuona.

MIMI: Tuandike barua. Nitachapa bure. Waahirishe mwezi mmoja, tueleze kwamba chakula kilikwenda... kilielekezwa...

Sikuweza kuimaliza sentensi. Nimechapa barua za kila aina, hata ya mtu aliyeomba radhi kwa kufa, lakini hiyo sikuipatia maneno.

Dada akafungua mkebe, akampa kaka yake. Pipa akachukua karoti moja, imepinda kama ndoana, akaitafuna polepole. Pakiti ya biskuti akaiacha kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza hakuna mkono uliosogea. Fundi aliinamisha chupa ya kahawa. Likatoka tone moja, la pili likakataa.

Ng'ambo, Utambi alikuwa amelifunga geti na kutugeukia. Aliona mkebe mkononi mwa shemeji yake, akapunga mkono, uso umejaa furaha.

DADA: Sasa wazee wangu, mimi nauliza jambo moja tu. Kuanzia kesho usiku, mama atageuzwa na nani?

Mzee Waraka, mwenye waraka wa kila jambo, alifungua kinywa ajibu. Tukaona kuna kipande cha karoti ndani. Akakifunga kinywa.