Bi. Alistidia Kyaruzi na Kitufe Kilichorudishwa Mara Tisa

Na Nuriat Hafidhi, msaidizi wake

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Alistidia Kyaruzi atastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Habari za Jamii, Bukoba na Muleba, kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake katika jarida letu hili kwa sababu nimekuwa msaidizi wake kwa miaka tisa, na kwa sababu wenzangu wote walisema wana shughuli. Mwenyewe ameagiza usiwe mrefu na usiwe na sifa za uongo. Nitajitahidi, ingawa hata zile za kweli zinachosha.

Alianza Machi 1994, na chaki. Kituo wakati huo kilikuwa ubao mweusi kwenye ukuta wa duka moja Miembeni, na kazi yake ilikuwa kuandika habari za siku: bei ya kahawa, mbuzi aliyepotea, mikutano, misiba. Ipi ikae juu na ipi chini, aliamua yeye. Wazee wa Hamugembe bado wanakumbuka alivyomfutia mheshimiwa mmoja tangazo lake mara mbili, kwa kuwa maneno yalikuwa mengi kuliko habari.

Mwaka 2013 ubao ulihamia kwenye tovuti. Tulichukua programu huria, yaani ile ambayo walioitengeneza wameiacha wazi: mtu yeyote anaichukua bure, anaifungua aone ilivyoundwa ndani, na akitaka anaibadilisha. Namna inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Msomaji yeyote anaweka habari, wasomaji wengine wanaipigia kura kwa kubonyeza mshale unaotazama juu, na yenye kura nyingi inapanda hadi ukurasa wa kwanza. Hakuna tena wa kuamua, jamii inaamua yenyewe. Hayo yalisemwa siku ya uzinduzi na watu wakapiga makofi, Bi. Alistidia akiwa wa mwisho.

Basi jamii ikaamua. Wiki ya tatu, waumini wa parokia moja kule Muleba walitangaziwa baada ya misa waipigie kura safari ya kwaya yao. Jumapili iliyofuata Walutheri wakajibu. Kwa mwezi mzima ukurasa wa kwanza ulikuwa kwaya tupu, na mkulima wa Kanazi aliyetaka kujua siku ya mnada wa kahawa alilazimika kwanza kupita nyimbo saba. Bi. Alistidia, Mlutheri aliyeolewa na Mkatoliki, aliagiza fundi abadilishe hesabu, ili kura arobaini zinazofika kwa dakika moja kutoka mahali pamoja zisiwe na nguvu ya kura arobaini. Kila upande ulilalamika kwamba anaupendelea mwingine.

Lakini kwaya zilikuwa mzaha. Novemba 2015 mjomba wake, Mzee Lwakatare, alifariki huko Kanazi. Simu ya Bi. Alistidia ilikuwa kwa fundi, hivyo binamu yake aliiweka habari kwenye tovuti asubuhi ile ile, akiamini kwamba hapo hawezi kuikosa. Watu zaidi ya mia mbili waliisoma. Hakuna hata mmoja aliyebonyeza mshale. Siku hiyo senene, panzi wale wa kukaangwa, walikuwa wametua Hamugembe, kura zote zikamiminika huko, na msiba ukazama hadi ukurasa wa nne. Alipata habari siku ya tatu, sokoni, kutoka kwa muuza ndizi, mjomba akiwa amekwisha kuzikwa. Alipofika Kanazi, mke wa mjomba hakumlaumu. Alimuuliza tu, kwa upole wa Kihaya, "Mae waitu, si wewe ndiye mwenye huo mtandao?" Hajawahi kutusimulia alijibu nini.

Alirudi kazini akawatafuta waliosoma, mmoja mmoja, kuwauliza kwa nini hawakupiga kura. Wote walimshangaa. Mshale wa kupandisha ni wa habari njema, mtu mwenye adabu anaupandishaje msiba? Kunyamaza kwao ndiko kulikokuwa heshima. Kwa miaka miwili tovuti ilikuwa inazizamisha habari ambazo mtu wa huku hatakiwi kuzikosa kwa lolote, na wataalamu wa kituo hawakuliona. Mimi nilikuwa sijaajiriwa, lakini nina hakika nami nisingeliona.

Kwa kuwa programu ni huria, aliamua kuifungua mwenyewe. Akiwa na miaka hamsini alijifunza lugha ya programu hiyo kwa miezi mitano, akiandika kila alichokielewa kwenye daftari la shule. Kisha akaondoa mshale kwenye habari za misiba na kuweka kitufe kilichoandikwa "Nimesikia". Anayekibonyeza anaisogeza habari juu bila kuifurahia. Tangu hapo hakuna msiba uliozama kabla ya maziko.

Aliwatumia waundaji wa programu kitufe chake, ili na wengine wafaidike. Walijibu kwa upole kwamba hawaoni haja. Akawaandikia kurasa saba za maelezo, wakajibu kwa mstari mmoja. Kwa hiyo kila toleo jipya lilipokuja lilikifuta kitufe, naye akakirudisha kwa mkono, mara tisa. Mara tisa nilimwomba aniachie nifanye mimi, na mara tisa aliniambia nitazame. Nilichotazama ni mgongo wake, nao naufahamu kuliko programu.

Jumatatu iliyopita tuliweka kwenye tovuti habari ya kustaafu kwake, pamoja na mwaliko wa kumuaga: Jumamosi tarehe 28, saa nane mchana, ukumbini Miembeni. Hadi Alhamisi watu mia nne na kumi na wawili walikuwa wameisoma. Kura, sifuri. Ilikuwa ukurasa wa sita, chini ya tangazo la kuku watatu waliopotea. Nilimpigia simu Mzee Privatus wa Muleba, ambaye huipigia kura hata mvua. Alisema anampenda sana mama yule, ndiyo maana hawezi kupandisha kuondoka kwake, wapandishe wasiompenda. Tukamsihi Bi. Alistidia aiwekee habari hiyo "Nimesikia". Akakataa, akisema kitufe hicho ni cha misiba na yeye hajafa.

Kwa hasira nilichukua daftari lake. Nusu ni Kihaya, nusu ni michoro ya mishale, na ukurasa mmoja ni orodha ya migomba ya kung'oa. Ilinichukua siku nzima, na nililia mara moja. Ijumaa habari yake haikuwa tena na mshale, ilikuwa na kitufe cha "Nakuja". Tunapopeleka jarida hili kuchapwa, kimebonyezwa na watu mia tatu na sita, na ukumbi una viti mia na ishirini. Bi. Alistidia aliikagua kazi yangu, akasahihisha mstari mmoja, kisha akaliacha daftari juu ya meza yangu na kwenda kunywa chai.

Asante, Mama, kwa chaki, kwa kitufe, na kwa kunichosha. Tunakutakia mapumziko mema Kanazi, kibanja cha migomba chenye mvua ya kutosha, na simu isiyokwenda kwa fundi. Agosti linakuja toleo jipya, litakifuta kitufe chako, nami nitakirudisha. Na kwa kuwa umeagiza tusiandike uongo, nakiri: kati ya wale mia nne na kumi na wawili walioisoma habari yako wasiipigie kura, mmoja ni mimi.