Bi. Teretia Biribo na Friji Iliyopata Joto Kila Jumapili

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kutunza friji za chanjo za Kiribati, Bi. Teretia Biribo anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Machi. Friji hizo, karibu zote, ni msaada wa Australia. Wao huzileta, sisi hupiga makofi, kisha meli huondoka na Bi. Teretia hubaki nazo.

Alianza mwaka 1992 kama karani wa bohari ya dawa hapa Tarawa. Friji moja ilipokufa, mafundi wote wakiwa safarini, aliifungua kwa bisibisi ya kuazima ili tu ajue ndani mna nini. Aliifunga ikiwa inafanya kazi, ingawa skrubu mbili zilibaki mezani. Mwaka uliofuata alipelekwa Melbourne kusomea ufundi.

Wengi mnakumbuka mkasa wa 2004. Katika kisiwa kimoja cha kusini, chanjo za surua ziliharibika mara tatu. Wafadhili wakaandika: zikiharibika tena, friji itahamishwa. Wengine walilaumu jua, wengine muuguzi. Bi. Teretia alipanda meli na daftari lake, akaweka kambi zahanati kusoma kipimajoto.

Siku sita, baridi safi. Jumapili, watu wakidhani ameshatangulia kanisani, alikuwa bado mbele ya friji. Joto likaanza kupanda. Alifuata nyaya za sola hadi kwenye sanduku la betri nyuma ya nyumba, akalikuta tupu. Papo hapo kinanda kikalia kanisani.

"Dada, mchungaji ni mjomba wangu," muuguzi Kautuna alimwambia huku akilia. "Ningemnyima vipi?"

Mkuu wetu wa wakati ule alimshauri Bi. Teretia aandike kwamba betri ilikuwa mbovu. Alikataa. "Wataleta mpya," alisema, "na kanisa litanunua kinanda cha pili!"

Lakini aliogopa. Ukweli ungeweza kumfukuzisha Kautuna kazi na kukinyima kisiwa chanjo. Akawauliza kwanza akina mama wa kwaya kwa nini hawakuomba betri yao wenyewe.

"Mwanangu," bibi mmoja akamjibu, "fomu yenu inauliza magonjwa tu. Nyimbo tungeziandika wapi?"

Jibu hilo alilitia kwenye ripoti neno kwa neno, pamoja na ombi la betri ya kanisa.

Miezi minane kwaya iliimba bila kinanda. Kisha meli ikashusha betri mbili, na Kautuna akabaki kazini. Surua ilipovamia visiwa vya jirani miaka miwili baadaye, pale haikumpata mtoto hata mmoja.

Februari hii, kwenye makabidhiano ya friji mpya, mgeni rasmi kutoka Australia alimwomba Bi. Teretia aseme machache.

"Asanteni sana," alisema. "Vipuri vyake viko wapi?"

Mgeni alicheka, kisha akatoa kalamu. Kreti ya vipuri ilifika kwa ndege juzi.

Bi. Teretia, tunakushukuru kwa kutowafichia wenzako aibu kwa uongo, wala kuwatangazia kwa ukatili. Nenda kisiwani Abemama ukalime babai, yale magimbi yetu makubwa ya shimoni, ukale samaki wabichi, upumzike. Tunakuombea siku nyingi, zenye afya na vicheko.