Kibaraza cha Dirisha la Bluu

Mzee aliyeketi mbele yangu kwenye basi alishika karatasi ya kujiandikisha kupiga kura kama anayebeba yai bichi. "Nimeandikwa, mama," alimwambia jirani yake wa kiti, mshonaji mwenye futi ya kupimia shingoni. "Kila uchaguzi naambiwa asiye na nyumba hana pa kuandikwa. Leo karani kaniuliza nalala wapi, nikamwambia, akaandika."

"Kaandika wapi?"

"Kibarazani kwa fundi cherehani, chini ya dirisha la bluu."

Mwanamke aligeuka mzimamzima. Nami niligeuka, ingawa hayakunihusu. "Mzee wangu, kibaraza hicho ni changu. Kumbe ni wewe unayeniachia maboksi yamekunjwa kila asubuhi?"

"Kumbe ni wewe unayemwaga maji ukifunga duka, nisilale?"

"Na bado unalala."

"Yanakauka. Huwa nasubiri."

Mshonaji aliivuta futi yake shingoni. "Sasa umejiandikia duka langu bila hata hodi."

"Duka ni lako, mama. Mimi nataka kura tu. Kesho karani anakuja kuhakiki, atakuuliza kama kweli nalala pale."

"Nimjibu nini mimi?"

"Mwambie kila jioni unanimwagia maji. Atapata wapi ushahidi kuliko huo?"

Basi liliposimama, kituo changu nilikuwa nimeshakipita. Wao walishuka pamoja, bado wanabishana, maana sasa anwani yao ni moja.