Alhamisi ya Tisa ya Mzee Honi

Benchi la nje ya karakana ya rejeta lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekalia upande wa tofali hatakiwi kucheka sana. Hapo ndipo alipojipenyeza Mzee Honi, dereva mstaafu wa basi la shirika, aliyepewa jina hilo kwa kupiga honi kila kona, hata penye kuku mmoja. Gari lake lilifuka mvuke kama pasi ya mkaa iliyomwagiwa maji. Ilikuwa Alhamisi ya tisa mfululizo. Fundi Mvuke, mwenye karakana, alikwishabadilisha rejeta, themostati, pampu ya maji na mipira yote, na bado lilichemka. Mzee akakishika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili, akashusha pumzi. Kelele za benchi hili ndizo alizozifuata. Kule kwake kinachonguruma ni jokofu peke yake.

— Ni mfuniko huo, — alisema Gazeti, mshona viti vya magari, ajuaye habari zote za magari isipokuwa kuyaendesha.

— Mfuniko wapi! — Profesa, mziba pancha, akadakia. — Gari lina kinyongo. Limebadilishwa viungo vyote bila kuulizwa. Hata wewe ungechemka!

— Mimi nachemka kila asubuhi. Nina mabinti wanne na bafu moja.

Benchi likacheka, tofali likayumba, kahawa ikammwagikia Mzee Honi magotini. Akafurahi.

Gazeti akafungua ukurasa wake.

— Sikilizeni. Yanakuja magari ya umeme. Hayana rejeta!

— Acha fiksi. Yatapozwa na nini?

— Upepo. Ukishusha kioo, limepoa.

— Na kwenye foleni?

— Abiria wanalipepea kwa zamu.

Mzee Honi peke yake hakucheka.

— Sasa mwenye gari la namna hiyo, — akauliza taratibu, — atakuja hapa kufanya nini?

— Haji, babu! Atakaa kwake, raha mustarehe.

Mzee akakigeuzageuza kikombe mikononi.

Ndipo akaingia nesi mmoja, mgeni pale, feni ya gari lake imekufa. Alisalimia, akaketi upande wenye miguu, akasikiliza mjadala mpaka ukamchosha.

— Hili linalofuka mvuke, linavuja?

— Maji yanaisha, ila halivuji, — Profesa akafafanua. — Yanapaa kimiujiza.

Nesi akainama, akachungulia uvunguni.

— Pakavu. Basi labda yanatoka likiwa limelala. Mzee wangu, nyumbani hamjaona dimbwi?

— Hapana, mwanangu.

— Waulize wenzako wa nyumbani. Kwani unaishi na nani?

Gazeti akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Fundi Mvuke. Wiki tisa! Walijua saizi ya spana ya kila nati ya gari lile, lakini hili hakuna aliyelijua.

— Niko… — Mzee Honi alianza, akajifuta kahawa magotini.

Fundi Mvuke aliinama kwenye koki ya kumwagia maji, chini ya rejeta. Ilikuwa na mikwaruzo ya koleo, mipya juu ya ile ya zamani. Akatupa jicho kwenye kidole gumba cha mzee: kilikuwa na doa la kijani, rangi ya maji ya rejeta. Akaisugua mikwaruzo kwa kitambaa, polepole.

— Umeona nini? — Gazeti akauliza.

— Kutu.

Akajaza maji, akafunga boneti. Akalitikisa birika, kahawa ilikuwa imekwisha.

— Baba, gari uliache lipumzike. Kesho njoo kwa miguu.

— Kesho? Si Alhamisi.

— Kwani benchi nalo linachemka Alhamisi tu?

Mzee Honi akakiweka kikombe chini. Akatikisa kichwa kukubali, mara mbili, kama aliyeulizwa mara mbili.

— Ila wahi, — Profesa akamwambia. — Hapa anayechelewa ndiye anayekalia tofali.